Masizi na Ukumbi wa Mapekupeku

Masizi hakuzaliwa na jina hilo. Alipachikwa, na aliyempachika ni mama mkwe wake, bibi mwenye ulimi wa wembe. Kazi yake ilikuwa kusafisha dohani, yaani kukwangua masizi kwenye mabomba ya moshi. Alirithi brashi na kamba kwa baba yake, akapanda mapaa yote ya mji ule wa mlimani, ambako theluji haijui kuyeyuka na mtu asiye na moto hana maisha. Kila nyumba ilimhitaji, na kila nyumba ilimwambia asiguse kitu. Kwake mwenyewe ndiyo usiseme. Mama mkwe alimtandikia gunia karibu na mlango, na hapo ndipo alipolia chakula miaka yote ya ndoa yake, huku mumewe, fundi viatu, akijifanya hasikii.

"Mwanangu alikwenda kutafuta mke, akaniletea mkaa," bibi alipenda kuwaambia wageni.

Masizi alicheka nao. Iliuma, asikudanganye mtu. Lakini alipoanguka kutoka juu ya paa, bibi huyohuyo ndiye aliyemkanda mgongo asubuhi na jioni, akimtukana huku akimkanda, mpaka akasimama tena. Kwa hiyo alimpenda, na hakuwa na la kufanya.

Juu ya mji palikuwa na magofu. Nani aliyajenga, hakuna ajuaye. Ngazi zake zilimfika mtu mzima kiunoni, na ndani ya ukumbi, nyuma ya barafu iliyoganda ukutani, yalionekana majitu yaliyochongwa yakiwa yameketi, miguu mitupu kabisa. Miguu mitupu, kwenye baridi ile! Ndiyo maana watu waliyaita Mapekupeku. Ukuta wa nje, chini kabisa, ulikuwa na matundu, na upepo ukipita yalipiga miluzi. Ikasemwa ni Mapekupeku wanaita watu. Basi kila mwaka kabla ya baridi kali wanawake walipanda kuyaziba kwa mawe na sufu, na hodari wao tangu usichana wake alikuwa mama mkwe. Aliziba hata pale ambapo wenzake hawakuona tundu.

Siku theluji ilipoporomoka ilikuwa asubuhi kweupe. Watu walisikia mlima unanguruma, wakakimbilia magofuni, bibi akiwa mgongoni kwa mwanawe. Walipogeuka, mji haukuwepo. Zilibaki mbao za mapaa zimechomoza hapa na pale. Wakazikusanya, wakawasha moto katika meko ya ukumbini, meko kubwa kama nyumba, na moshi ukawarudia wote usoni. Walikohoa hadi machozi, mwishowe wakauzima.

"Tushuke bondeni," alisema fundi viatu.

Njia ya bondeni ni ndefu na haina pa kujikinga na baridi. Wenye nguvu wangefika. Bibi, na kifua chake kibovu, asingefika, na alilijua hilo kabla hawajalisema.

"Nyie nendeni," alisema. "Mimi nimeshaishi. Niachieni blanketi tu." Mwanawe akageukia ukuta, akalia.

"Hapa haachwi mtu," alisema Masizi.

Akaingia mekoni, akainua macho. Dohani ilikuwa wazi, mbingu inaonekana. Kama juu hakujaziba, basi shida iko chini. Moto unakosa pumzi. Ni kama nyumba iliyofungwa milango na madirisha, moshi unakosa wa kuusukuma. Akayakumbuka matundu. Akageuka kumtazama bibi, na bibi akamwelewa palepale.

"Usithubutu. Ukizibua, watatoka."

"Wakitoka, mama, nitawatandikia gunia."

Hakuna aliyecheka. Masizi alichukua kipande cha chuma, mumewe akamfuata. Tundu la kwanza liliwatoa jasho, mawe yameshikana na sufu imekuwa barafu.

"Kazi ya mama yako hii," alisema Masizi akihema. "Huyu mtu akiziba, ameziba."

Lilipofunguka lilipiga mluzi, na ndani watu wakashika masikio. Waliwasha kijimoto cha kujaribu. Moshi ulipanda kidogo, ukasita, ukarudi. Tundu moja halikutosha, na mengine yote yalikuwa yamefukiwa na theluji mpya. Aliyejua yote yalipo ni mtu mmoja tu.

Masizi alirudi, akapiga magoti mbele ya bibi. "Mama, nionyeshe. Nakuomba. Siwezi kushuka na kukuacha hapa, moyo wangu hautaniruhusu."

Bibi aliivuta fimbo yake karibu. Alikuwa anaogopa bado.

"Nibebeni," alisema.

Wakamzungusha ukutani akiwa mgongoni kwa mwanawe, fimbo mkononi. Hapa. Na hapa. Hapo chini, wewe kipofu nini? Kila alipogusa, watu walichimba, maana sasa mji mzima ulikuwa umetoka. Miluzi ikawa mingi, na hakuna jitu lililotokea. Ndani, moto ulivuta pumzi ukanguruma, na moshi ukashika njia yake kwenda juu.

Kisha sakafu ikaanza kupata joto. Jiwe lenyewe! Barafu ikamomonyoka ukutani vipande vipande, na majitu yakaonekana vizuri, yameketi kuzunguka meko ileile, yamekanyaga sakafu ileile. Watu wakaangua kicheko, wakaanza kuvua viatu.

"Mwanangu, kazi huna tena," bibi alimwambia fundi viatu, akichezesha vidole vya miguu.

Masizi alikuwa ameokota gunia mahali, analitandika karibu na mlango.

"We, unafanya nini huko?"

"Nakaa, mama."

"Njoo hapa." Bibi alipigapiga blanketi lake.

"Nina masizi."

"Kwani nimekuuliza una nini? Vua viatu, mwanangu, uje."

Masizi akavua, akaketi. Blanketi likachafuka papo hapo, na bibi akalivuta, akamfunika nalo mpaka mabegani.