Mimi, Mama Mkwe na Barafu ya Samaki

Naona aibu mpaka leo, lakini nitasema mwenyewe, kwa sababu mke wangu Nekesa huwasimulia watu ile nusu ya kuchekesha tu, na aliyekaa uchi ndani ya drum ni mimi.

Magoti yalikuwa yananisumbua tangu tupande mahindi, na jamaa mmoja kwenye video ya simu (mwenye kifua kama mlango) akasema dawa ni kuketi ndani ya maji ya barafu, hapo hapo nyumbani. Haya, barafu Kitale nitoe wapi? Nikachukua ya mama muuza samaki sokoni, nikaimwaga kwenye drum la maji nyuma ya nyumba, nikavua kila kitu, maana nani angekuja Jumanne saa mbili asubuhi?

Mama mkwe ndiye angekuja. Kutoka Bungoma, na kuku mkononi, bila kupiga simu. Na kwetu Wabukusu, mnajua, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Miaka tisa sijamshika mkono wala kula mbele yake, na heshima hiyo ndiyo kitu pekee changu ambacho ukoo ule umewahi kusifu.

Nikasikia sauti yake ikizunguka nyumba. Taulo liko mbali kwenye kamba. Nikachutama, nikavuta kifuniko juu ya kichwa, meno yanagongana. Na yeye, badala ya kuingia ndani kama wageni wengine, akasimama pale pale.

"Nekesa, ati samaki mnaweka nje na jua inawaka?"

"Samaki gani, mama?"

"Si nasikia harufu, bana. Itaoza."

Akafunua.

Tulitazamana. Kisha akajifunika uso kwa leso, akageuka, akasema polepole, "Nekesa, mwambie baba watoto, hata maskini huchemsha maji."

Hakunywa chai. Aliondoka na kuku wake.

Sasa wazee wakaamua nipeleke blanketi kuondoa aibu. Mimi! Nilikuwa kwangu, kwenye drum langu, na aliyefunua ni yeye! Nimenunua, lakini nimeapa: magoti yaume yatakavyo, maji baridi nitayanywa tu.

Nekesa alilipeleka jana. Amerudi na salamu: mama ameshukuru, ila blanketi amelirudisha, anasema samaki ndiye anayelihitaji.