Namba Thelathini na Moja Katikati ya Ukurasa

Mie Kiingereza nimekitaipu zaidi ya miaka thelathini na sikijui. Nikisema sikijui, sikijui kweli. Niliishia darasa la saba, nikaanza kufagia kwenye steshenari moja Temeke. Mwenye duka akanikuta saa ya chakula nimekaa mbele ya taipureta, akaniacha nijaribu. Nikajifunza kunakili herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayetunga shanga. Maneno yale kwangu yalikuwa maumbo tu: hili lina shingo, lile lina mkia, hili lina matumbo mawili. Wenye shule zao walikuwa wakikosea, mie sikosei. Wao walisoma walichodhani kimeandikwa, mie nilitazama kilichoandikwa.

Kompyuta zilipokuja, nikahamia kwenye kompyuta na taipureta yangu kichwani. Kila ukurasa nikauandikia kichwa chake mwenyewe, jina la sura, na mstari chini yake. Maneno yakiisha, nikagonga kitufe cha kushukia, nikagonga, nikagonga, mpaka chini kabisa, nikaweka namba katikati. Halafu ukurasa mwingine. Hakuna aliyewahi kunirudishia kazi. Zilichapwa, zikafungwa majalada, watu wakaondoka wamezikumbatia kama vichanga. Karatasi ikishachapwa haisogei.

Siku hizi nipo kwangu Chanika, kazi nazifanyia barazani kwa wateja wachache wa mtaani, walimu hasa. Naishi na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa mwisho, wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo. Nimesema wa kwanza, na asiyesikia nitamrudia. Mwaka huu ndio alikuwa anamaliza. Risechi yake ilihusu wakulima wa mchicha wa mabondeni kule Kinyerezi, kaiandika mwenyewe kwa Kiingereza, sura tano. Alipotaka kupanga kurasa nikamkatalia. Nilimwambia nyumba hii fundi ni mmoja, asije akaniaibisha na kazi imekaa kama shati lililofungwa vifungo upande. Akacheka, akaniachia.

Siku nne nilikaa nayo, miwani puani. Kurasa mia moja na kumi na mbili, kila mmoja na kichwa chake na namba yake. Ilipochapwa nikaizungusha mtaani. Hata fundi cherehani jirani yangu, mtu asiyesifia kitu, aliipapasa kwa kidole akasema imenyooka.

Ijumaa moja asubuhi msimamizi wake chuoni akairudisha na neno moja tu: aongeze aya moja kwenye sura ya pili, halafu aitume kwa barua pepe kabla ya saa kumi jioni. Ikichelewa, jina lake halimo kwenye mahafali ya mwaka huu. Aya yenyewe haikumchukua hata nusu saa. Mie nilikuwa uani naanika dagaa. Nikasikia kimya ndani, kimya kile cha mtu aliyevunja sahani. Halafu akaniita, taratibu.

Nikaenda. Namba thelathini na moja ilikuwa imekaa katikati ya ukurasa, maneno juu yake, maneno chini yake, kama mgeni aliyefika harusini akakosa kiti. Chini yake kichwa cha ukurasa uliofuata kilikuwa kimeanguka tumboni mwa aya. Akashusha chini zaidi. Thelathini na mbili hivyo hivyo. Sitini hivyo hivyo. Aya moja tu ilisukuma, na kila kitu nilichokipanga kwa mkono kikateremka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Neno la kwanza lililonitoka ni kwamba kaiharibu yeye. Nikavuta kiti, nikamsogeza kwa kiwiko, nikaanza kuvirudisha mahali pake. Nafuta mistari mitupu hapa, naongeza pale. Saa nzima nikafika ukurasa wa arobaini na tano, nikajiona shujaa. Ndipo akakumbuka kwamba kwenye aya ile kuna jina la kitabu kalisahau. Akaliongeza. Yote niliyoyanyoosha yakapinda tena mbele ya macho yangu.

Saa saba kasoro. Mjukuu wangu kaweka mikono mapajani.

"Bibi, naomba niviondoe vyote," akasema. "Vichwa vyote na namba zote. Kompyuta ina mahali pake pa kuviwekea. Ukiviweka huko, maneno yanapita, vyenyewe havitikisiki."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu mwanzo."

"Na ukaniacha siku nne?"

"Ulisema fundi ni mmoja."

Huyu mke mwenzangu, maana mjukuu wa kike kwetu ni mke mwenza, ana ulimi mfupi lakini unafika. Ningeweza kubisha, na nilitaka kubisha, lakini saa ukutani ilikuwa inatembea, na mahafali hayakuwa yangu. Nikamwambia futa.

Tukafuta pamoja. Mie nilijua kila kimoja kilipo, nilikiweka mwenyewe, basi nikawa namwonyesha kwa kidole na yeye anaondoa. Sikufurahi. Ni kama kufumua kitambaa ulichokidarizi mwenyewe. Saa nane na dakika chache kazi ilikuwa tupu, haina kichwa haina miguu.

Akaikata sehemu tano, kila sura sehemu yake. Akaandika jina la sura ya kwanza juu, mahali pale penye kificho panapofunguka ukigonga mara mbili. Likatokea kwenye kurasa zote. Akaenda sura ya pili, akabadilisha. Sura ya kwanza nayo ikabadilika, ikajiita ya pili. Akarudi akairekebisha ya kwanza, ya pili ikamfuata. Alizunguka hivyo kama mara sita. Mara ya mwisho alipiga meza, na machozi yakaanza kumlenga. Akampigia simu mwenzake wa chuo, naye hakupokea.

Mie nilikuwa nimekaa nyuma yake sina la kufanya, natazama tu, kama nilivyozoea kutazama. Nikamwomba arudi sura ya kwanza. Halafu aende ya pili. Halafu ya tatu.

"Kuna maneno pale pembeni kulia," nikamwambia. "Madogo, yana kisanduku. La mwanzo lina herufi nne, la mwisho refu. Sura ya pili yapo, ya tatu yapo. Ya kwanza hayapo."

Akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akayasoma moyoni, halafu akanigeukia.

"Bibi, yanasema hii ni sawa na iliyotangulia."

"Basi iambie si sawa."

Akatafuta juu, akakiona kitufe chenye habari hiyo, kimewaka. Akakizima kwenye sura ya pili, maneno yale yakatoweka. Akaandika jina la sura. Tukarudi ya kwanza tumeshika pumzi. Imetulia na jina lake. Akaenda ya tatu, ya nne, ya tano, anazima kwanza ndipo anaandika. Namba nazo akaziweka chini, mahali pake vilevile, ila hizo hakuzikata sura kwa sura, aliziacha zifuatane, maana zenyewe zinatakiwa kuhesabu moja kwa moja.

Alipomaliza akanipa nafasi kwenye kiti. Akaniambia nigonge kitufe changu cha kushukia popote, mara ngapi nitakavyo. Niligonga mara kumi katikati ya sura ya pili. Maneno yakashuka, yakavuka kwenda ukurasa mwingine. Kichwa juu, namba chini, havikugeuka hata kutazama. Niligonga tena kumi. Nilicheka mpaka nikavua miwani. Miaka thelathini nimebeba maji kwa kikombe na bomba lipo ukutani.

Akaondoa nilichogonga, akatuma saa tisa na robo. Kabla ya saa kumi msimamizi akajibu kwamba ameipokea na jina limeingia kwenye orodha. Mjukuu wangu alinisomea kwa Kiswahili, kisha akataka kufunga kompyuta akalale.

Nikamzuia. Mwalimu mmoja wa hapa mtaani nilimpangia kitabu chake cha mazoezi, nikampa kwenye flashi ajirekebishie atakapotaka. Nilimpigia mbele ya mjukuu wangu. Nikamwambia asiguse neno hata moja, airudishe kazi ile, nimeipanga vibaya. Akaniuliza vibaya vipi mama, mbona nzuri tu.

"Nzuri mpaka uiguse," nikamwambia. "Ilete."