Mama Nyanyua wa Onset

Kaka yangu Agostinho alipomwacha mkewe na kuhamia Florida na mwanamke wa kuuza mashua, familia nzima ilitegemea nitaona aibu na kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia kaka, nenda salama, ila wifi yangu anabaki hapa hapa Onset, kijijini kwetu pwani. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na kila Jumapili Delfina Monteiro bado anakula mezani kwangu na kulalamika kwamba nimezidisha chumvi kwenye maharage. Kwa hiyo anayetaka habari zake asihangaike kwingine. Aje kwangu mimi, Idalina, nimpe zote, pamoja na zile zisizonipendeza mwenyewe.

Delfina aliendesha basi la shule miaka ishirini na sita. Watoto waliokuwa wakirushiana maganda ya machungwa viti vya nyuma sasa ni watu wazima wenye vitambi, na wakikutana naye dukani bado wanasimama wima. Hakuwahi kuwafokea. Alikuwa analisogeza basi kando ya barabara, anazima injini, anawatazama kwenye kioo mpaka mwenye kosa ajitaje. Mara moja alimngoja mtoto wa kina Gonsalves dakika arobaini. Ndivyo alivyo huyu mtu, akishaamua jambo ameamua.

Sasa uvuvi. Hapa kwetu kila mtu anavua, hilo si la kusimulia. Mimi navua straipa kwa chambo cha samaki mkunga, ndoana kubwa na chubwi, kama baba alivyovua. Straipa ni samaki wa milia, mkubwa, mbishi, anakuja mwezi wa tano akiwafuata samaki wadogo wa heringi na kukaa nasi kiangazi chote. Mpe mkunga, atakula, basi. Lakini Delfina alipotimiza miaka hamsini na mbili akaenda kujiandikisha kwa Bwana Wendell Pratt, mzee mmoja mrefu anayefundisha kila Jumamosi kuvua kwa nzi wa manyoya. Unafunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana mpaka ifanane na dagaa, halafu unaitupa kwa mshipi mnene na fimbo nyepesi, nyuma, mbele, nyuma, mbele, kana kwamba unafukuza nyuki. Na kiunoni unajifunga beseni la kuoshea vyombo, la plastiki, la kupokea mshipi unaouvuta usizagae majini. Siku ya kwanza nilipomwona na beseni lile nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

"Wifi, umesahau sahani," nikamwambia.

"Na wewe umesahau akili nyumbani," akanijibu, akaingia majini.

Kutupa alijua upesi, tena vizuri, hata Bwana Pratt alikiri. Shida yake ilikuwa moja tu. Samaki wa nzi hanaswi kwa kunyanyua fimbo. Akiuma, fimbo unaiacha imemwelekea vile vile, unavuta mshipi kwa mkono wa pili, mvuto mmoja mrefu, mpaka ndoana izame. Hapo ndipo unanyanyua. Ukinyanyua kwanza, nzi anamchomoka mdomoni na wewe unabaki kutazama mgongo wake unavyokwenda zake. Na Delfina alikulia akivua darajani, mtoto wa miaka mitano, baba yake kasimama nyuma anamhimiza, nyanyua, nyanyua. Kwa chambo cha kweli huo ndio mtindo, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mtindo huo usiachie.

Miaka tisa. Wadogo wa kiganja aliwapata, wawili watatu kila msimu, wale wasio na akili. Wakubwa wote walimpokea nzi na kumrudisha. Bwana Pratt alimwelekeza kwa upole, akamwelekeza kwa ukali, mwisho akawa anafumba macho tu. Pale duka la chambo wakamwita Mama Nyanyua, na hata watoto wakalishika jina. Sitaficha, jina nililitoa mimi.

Novemba iliyopita, asubuhi na mapema, alipanda kwenye basi lake, akatia ufunguo, na mkono ukakataa kuuzungusha. Kiharusi. Kilimpiga upande wote wa kulia. Mguu ulirudi polepole, kufika Machi akawa anatembea na mkongojo. Mkono haukurudi. Bega lilisikia kidogo, kiwiko aliweza kukibana ubavuni, lakini vidole vilining'inia tu.

Binti yake wa pekee, Noemia, ni muuguzi huko Ohio. Alikuja, akamuuguza mama yake vizuri, nampa haki yake. Lakini kila alipofungua kabati nilimwona anahesabu vitu visivyofunguka kwa mkono mmoja. Kabla ya kurudi kazini akatoa uamuzi: mwisho wa Juni atakuja kumchukua, chumba kimeshapakwa rangi, na nyumba ya Onset amempata mtu wa kuipanga.

Tulikuwa jikoni kwa Delfina, sote watatu. Ile nyumba aliinunua mwenyewe baada ya kaka yangu kuondoka, kwa mshahara wa basi. Dirisha la jikoni linatazama maji. Delfina akasema, "Siendi."

"Mama, hapa hakuna jambo unaloweza kulifanya peke yako."

"Yapo."

"Lipi? Hata kopo la supu anakufungulia shangazi."

"Nitavua."

Noemia alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyechoka. "Utavua kwa mkono upi, mama? Haya. Siku nitakayokuja, uingie majini mwenyewe, uvue samaki wa maana kwa hao nzi wako, shangazi asishike kitu hata kimoja, na mimi nikiona kwa macho yangu. Ukiweza, narudi Ohio peke yangu na sikusumbui tena."

"Samaki wa maana," Delfina alirudia. "Wifi, umesikia?"

"Nimesikia," nikasema. Moyoni nilijisemea, maskini, huyu hata akiwa na mikono yote miwili hakuwahi.

Tulianza uani kwangu, Aprili, baridi bado inauma. Kutupa kwa mkono wa kushoto. Mshipi ulijifunga kwenye kamba ya nguo, ukajifunga kwenye ua wa jirani, ukanifunga mimi. Nzi mmoja alinasa kwenye kofia yangu ya kanisani, sijui hata niliivalia nini siku ile. Delfina alitukana kwa Kikabuverde, lugha ya wazee wetu, maneno ambayo sikuwa nimeyasikia tangu bibi alipofariki. Lakini kila siku alitupa mara mia mbili, na kufika katikati ya Mei mshipi ulikuwa unatoka umenyooka.

Kizingiti kikawa kuvuta. Mkono wa kushoto umeshika fimbo, nani avute mshipi? Alijaribu kwa meno, mshipi ukampasua mdomo. Akajaribu kuibana fimbo magotini, akaanguka. Siku hiyo alikaa chini kwenye majani, damu mdomoni, akasema, "Wifi, niache. Nitakwenda Ohio."

Hasira zikanipanda. Si kwake, kwa mambo yote. "Ohio ukafanye nini, kuna bahari gani? Ibane kwapani basi, upande huo wa mkono uliolala, kama unavyobana gazeti. Kiwiko si kinabana?"

Alinitazama kama anavyotazama kwenye kioo cha basi. Kisha akainuka, akatupa kwa kushoto, akachomeka kitako cha fimbo kwenye kwapa la kulia, akakibana kiwiko, na mkono wa kushoto ukawa huru. Akavuta. Mshipi ukaingia ndani ya beseni mviringo kwa mviringo. Nilikwenda ndani nikapika kahawa maana nilihisi machozi, na mimi sipendi kuonekana.

Noemia alifika Juni ishirini na saba, na asubuhi iliyofuata tukashuka mlangoni mwa mto Weweantic. Saa moja na nusu, jua limeshapanda, maji yanapwa. Bwana Pratt naye alikuwapo. Alidai anapita tu, akiwa amevaa suruali yake ya mpira hadi kifuani. Nikamwambia apite basi. Hakupita.

Noemia alisimama kwenye mchanga na viatu vyake vya ngozi, mikono kifuani. Delfina aliingia na mkongojo, hatua kwa hatua, maji yakafika magotini. Mkongojo akauchomeka mchangani, akauacha. Mimi nilikuwa nyuma yake hatua kumi, mikono mfukoni kama nilivyoapa.

Maji yalikuwa safi, unaona hadi chini. Kwenye ukingo wa fungu la mchanga dagaa walikuwa wanatetemeka kwa wingi, na chini yao vilikwenda vivuli, virefu, bila haraka. Mara ya kwanza alitupa nyuma yao. Mara ya pili mshipi ulipiga maji kwa kishindo, vivuli vikatawanyika. Tukangoja. Alingoja kama alivyomngoja mtoto wa kina Gonsalves. Vikarudi vitatu, na kimoja kilikuwa kikubwa kuliko vingine kiasi kwamba nilidhani ni mwani.

Akatupa. Nzi akatua mbele ya kivuli kile hatua tatu, taratibu. Fimbo kwapani. Mvuto mdogo. Mwingine. Kivuli kikageuka, kikaja nyuma ya nzi, kikaja tena, na mdomo mweupe ukafunguka.

Bwana Pratt hakuvumilia. "Usinyanyue, mama, usinyanyue!"

Nililiona bega. Nakuapia, niliona bega la kulia likiruka. Miaka hamsini na sita ya darajani ilipita humo begani, nyanyua, nyanyua, na mkono haukwenda popote. Kiwiko kilibaki ubavuni, fimbo ikabaki imemwelekea samaki, na mkono wa kushoto ukavuta mvuto mmoja mrefu mpaka nyuma ya nyonga.

Akanasa.

Mshipi uliruka kutoka kwenye beseni na kunirushia maji usoni. Ulipokwisha, kigurudumu cha fimbo kikaanza kulia, na samaki akaelekea ghuba ya Buzzards Bay na hakutaka mjadala. Delfina alibana kiwiko mpaka shingo ikamkakamaa. Samaki alipopumzika alizungusha kigurudumu kwa kushoto. Samaki alipokimbia aliachia. Kisha akaanza kurudi nyuma, mguu mzima, mguu mbovu, mguu mzima, anamvuta kwa kutembea kwa kuwa nguvu za mkono hana. Akajikwaa. Akakaa kitako majini, maji yamemfika kifuani.

Noemia alikimbia. Aliingia na viatu vyake, maji yakamfika magotini.

"Usiniguse," Delfina alisema.

"Mama, utazama."

"Nimekaa. Mtu aliyekaa anazamaje? Rudi."

Nami nikamshika Noemia mkono. Nilikuwa nimeapa kutoshika kitu, lakini yeye hakuwa kwenye mapatano.

Delfina alijisukuma nyuma kwa matako, nisamehewe lugha, ndivyo ilivyokuwa. Shubiri kwa shubiri mpaka maji yakawa ya kifundo. Sijui ni muda gani. Bwana Pratt alisema baadaye dakika kumi na nane, yeye ana saa. Samaki alilala ubavu, milia yake yote myeusi, fedha tupu, akafika mpaka kwenye paja lake. Delfina akalegeza mshipi, akaweka fimbo chini, akamtia kidole gumba mdomoni, akamshika taya. Straipa hana meno, mdomo wake ni msasa tu.

"Pratt," akaita. "Njoo upime, wewe si wifi yangu."

Inchi thelathini na tisa. Bwana Pratt alipima mara mbili. Samaki wa ukubwa huo sheria inataka arudi majini, na hata bila sheria Delfina asingemla. Alimtoa ndoana, akamshika wima ndani ya maji, anamsogeza mbele na nyuma apate pumzi. Alikaa naye muda mrefu. Mara samaki akakibana kidole chake kwa nguvu, akapiga mkia, akatulowesha wote wanne, akaondoka.

Nililia. Sasa sikujali nani ananiona. Nilimwambia, "Wifi, lile jina nilikupa mimi, na leo nalirudisha mbele ya watu." Alinicheka. Alisema nilirudishe, ila nisitafute jingine, na kwamba anataka kahawa.

Noemia alikuwa bado amesimama majini. Maji yalikuwa yamejaa kwenye viatu na hakuonekana kujua. Alimtazama mama yake akigeuka kwenye magoti, akiushika mkongojo, akijiinua mwenyewe, mara ya kwanza ikashindikana, mara ya pili akasimama. Hakuna aliyemsaidia. Noemia alitoa simu mfukoni, akampigia yule mpangaji wa nyumba, na nilimsikia akisema samahani sana, mwenye nyumba anaishi humo.

Alipomaliza alikuwa na machozi mpaka kidevuni. "Mama," akasema, "umeshinda. Nifanye nini sasa?"

Delfina alikuwa ameshaitoa fimbo nje, anafuta mchanga kwenye kigurudumu, macho yakiwa kwenye ukingo wa fungu ambako vivuli vilikuwa vimerudi.

"Sogea kushoto," akasema. "Umesimama juu ya samaki wangu."