Moto Usio na Kidonda

Nkunzimana wa kijiji cha Titye anaamini anachokiona tu, na anachokiona ni kidogo. Kifua kilianza kumchoma msimu uliopita wa maharage. Akiinama kupalilia, moto unampanda hadi kooni. Usiku anabugia ugali wa muhogo na dagaa waliozama kwenye mawese, anajitupa kitandani sufuria ingali moto, halafu anashangaa maji machungu yakimwamsha. Mkewe Rosa akimwambia ale mapema, anajibu, "Nile jua likiwaka, mimi kuku?"

Hospitali wakamshushia kamera kooni. Daktari, binti mpole kuliko mgonjwa alivyostahili, akamwambia koo ni safi, halina kidonda.

"Lakini mzee, ugonjwa unao. Asidi ya tumbo inapanda. Wengi inawachoma bila kuacha alama. Ulivyonieleza, kwamba unaungua ukiinama na ukilala, inatosha tuanze dawa."

Akampa vidonge vya kupunguza asidi: kimoja kila asubuhi, nusu saa kabla ya kula. Pombe aache. Ale mapema, na kichwa cha kitanda kiinuliwe.

Katika yote hayo Nkunzimana alisikia neno moja: safi. Kama kidonda hakuna na moto upo, basi ni sumu! Na mwenye sumu alimjua. Si alikwenda kijiji cha Kumsenga kwa Habonimana, baba wa kijana anayemchumbia bintiye Irakoze? Si alikaribishwa rwagwa, ile pombe ya ndizi, na mwenyeji akasahau kuonja kwanza mbele ya mgeni, kama ilivyo desturi?

Vidonge akavimeza siku akikumbuka, juu ya shibe, akivisukuma kwa rwagwa. Havikusaidia. Akampigia Habonimana, spika wazi, majirani wakisikia: "Umenilisha sumu! Harusi hakuna!"

Irakoze alilia kwanza, kisha akakasirika. "Baba, sumu gani hiyo inayosubiri ule mawese ndipo ikumbuke kazi?"

Tangu hapo alimsimamia kama askari wa zamu. Alfajiri kidonge na maji, chai baadaye. Jioni chakula kidogo, mawese tone tu. Matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa. Wiki zikapita, na siku moja mzee akapalilia tuta zima bila kushika kifua.

"Sumu imechoka yenyewe," akatangaza.

"Basi kamwambie mkwe wako," akajibu Irakoze.

Alipopigiwa, Habonimana hakutaka maneno ya simu. Aliwaita Kumsenga, akaketisha wazee, akaweka chungu cha rwagwa katikati. Akavuta mrija kwa mvuto mrefu wenye kelele, akaufuta, akamkabidhi Nkunzimana.

"Karibu, mkwe. Nimeonja. Au nimwite na daktari aonje?"

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Nkunzimana akamtazama Irakoze. Irakoze akatazama dari. Kusema "daktari kanikataza" ni kukiri kwamba aliyemchoma ni tumbo lake mwenyewe, na tangu mwanzo aliambiwa. Kukataa bila sababu ni kurudia tusi, na harusi kwisha.

Akavuta. Moto ukaamka pale pale, ukapanda taratibu kama mwenye nyumba anayerudi kwake.

"Vipi, mkwe?" Habonimana akauliza.

"Safi," akasema Nkunzimana, machozi yakimlengalenga. "Safi kabisa. Tutaje siku ya harusi."

Habonimana akamsogezea mrija tena.