Ushungi wa Njano wa Bweni Echati

Sisi tuliokuwa watoto wakati bendera ya uhuru bado ina mikunjo ya dukani hatukujua swichi. Tulijua kibatari, kilichotupaka masizi puani, na karabai, iliyovuma kama nyuki na kuwashwa kwa heshima zote, mmoja akipiga pampu na wengine wakitoa ushauri. Leo kijana anabonyeza kidude huku amelala chali, kisha analalamika kwamba kidude kizito. Nina haki ya kusema. Nina stashahada ya taa za majukwaa na kumbi, niliyoipata Ufaransa nikijilipia ada kwa kuosha vyombo vya watu. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Mahajanga, Madagaska, na ina taa yake yenyewe. Anayekuja kunisalimu huanza kuisalimu hiyo.

Lakini somo la kwanza nililipata kisiwani Nosy Be, kwa Koko, ndivyo tulivyomwita bibi yetu. Nyumbani tulisema Kikomoro, barabarani Kisakalava, shuleni Kifaransa. Kiswahili hiki ninachojidai nacho nilikichuma Mombasa, ukubwani. Tukivuka kwenda kwa Koko wakati wa likizo, harufu ya maua ya mlangilangi ilitupokea kabla yake yeye. Alitupa vitumbua vya moto vilivyotuunguza ndimi, na peremende zilizofungwa kwa karatasi ang'avu za rangi. Peremende ziliisha upesi. Karatasi tulizibandika machoni na kuitazama dunia. Kwa nyekundu, Koko aligeuka shetani. Kwa njano, hata mbuzi wa jirani alionekana tajiri. Kwa buluu, maua ya mlangilangi, ya njano kabisa, yaligeuka rangi ya mboga iliyolala. Koko alituonya kwamba tutapata makengeza. Makengeza sikupata.

Mwaka huohuo wa karatasi dada yangu Moinaecha aliolewa, kwetu Mahabibo, mtaa wa hapa Mahajanga. Desturi yetu ina siku ya wanawake kuja kumtazama bibi harusi pamoja na dhahabu aliyoletewa na upande wa bwana. Ilikuwa baada ya alasiri, jua bado kali, lakini madirisha yote yalifungwa wanaume wasichungulie, kwa hiyo chumba kikawa kiza na joto la tanuri. Taa alikabidhiwa Mama Mdogo Zalihata, mdogo wake mama. Yeye aliwahi kuchungulia ukumbi mmoja wa dansi wa Wazungu akaona taa ya buluu, na tangu hapo hakuona kitu kingine cha maana duniani. Akatundika shela ya buluu kwenye kamba mbele ya karabai, akarudi nyuma hatua moja, akajipongeza.

Wageni wakajaa. Mbele kabisa alikaa Bweni Echati, jirani yetu. Bweni ndiyo heshima tunayowapa wanawake wa makamo. Mtaa mzima ulijua kwamba alimtaka bwana harusi yule amwoe binti yake mwenyewe. Aliinama juu ya mikono ya dada, akatazama bangili, akamwambia mwenzake kwa mnong'ono uliofika hadi mlangoni:

"Shaba hii, shoga. Tena shaba ya kitasa."

Wakainama na wengine. Kweli, chini ya buluu ile bangili zilikuwa zimefifia, zimekaa kama vitu vya kuchomoa mlangoni. Mama wa bwana harusi, aliyeileta dhahabu ile mwenyewe kwenye sinia, alisimama akaanza kutafuta viatu vyake. Alisema kama zawadi yake inaitwa kitasa, basi ifungwe irudi kwake, na mwanawe naye atarudi nayo. Dada akaanza kulia, wanja ukamshuka hadi kidevuni. Mama akamgeukia Mama Mdogo. Mama Mdogo akaigeukia karabai, akapiga pampu kwa nguvu zaidi, na sisi sote tukazidi kuwa buluu.

Mimi nilikuwa nimeshaona kitu kile: yale maua ya Koko. Nikamvuta Mama Mdogo, nikamwambia ni shela inayoiua dhahabu. Akaniambia nikae, watoto hawasemi mbele ya wageni. Sawa, nikatafuta njano. Chumbani mlikuwa na njano moja tu: ushungi mwepesi wa Bweni Echati, aliouvaa ili uonekane. Nadhani nilimwomba kwa adabu, ila mkono ulitangulia. Ushungi ukaja, na nywele zikabaki hadharani, mbele zina hina, nyuma nyeupe kama pamba. Kicheko kikapita chumba kizima. Niling'oa shela ya buluu, nikatundika ushungi mahali pake.

Dhahabu ikaamka. Bangili, vipuli, mkufu wa paji la uso, vyote vikawaka, na hata ukuta wetu wenye unyevu ukaonekana umepakwa asali. Mama wa bwana harusi akaweka viatu chini.

Bweni Echati, mikono kichwani, akataka nguo yake.

"Subiri, bweni," mama wa bwana harusi akamwambia. "Tazama kwanza ushibe, kisha tuambie ni kitasa cha mlango gani."

Akatazama. "Dhahabu," akasema.

"Wa nyuma hawakusikia."

Akarudia kwa sauti. Mama alinifinya sikio kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akanitia haluwa mdomoni. Alisema mkono wangu huo utanifikisha mbali au jela. Ulinifikisha Ufaransa.

Juzijuzi nilialikwa harusini, hoteli moja ya Andilana, kulekule Nosy Be. Kijana wa taa alikuwa na kidude chake, na bibi harusi akageuka kijani, zambarau, kisha buluu. Nilimwambia buluu inaiua dhahabu. Akanijibu, "Bibi, picha tutazirekebisha." Niliketi mbele, nimevaa ushungi wa njano makusudi, pembe yake nimeishika tayari, nikingoja mtu mmoja tu ainame aseme neno. Simu zote zilikuwa juu. Mwishowe niliinama mwenyewe, nikamnong'oneza jirani yangu, "Shaba hii, shoga."

Akatabasamu, akanipiga picha. Bangili hakuzitazama.