Ngwe ya Baba

Baba yangu alikuja kunidai amevaa bugaluu, suruali pana chini, na viatu vya raizoni, vyenye soli nene na visigino virefu. Shambani! Mwanaume mzima, nyapara wa mashamba ya mkonge huko Taveta, upande wa Kenya, anavuka mpaka kumfuata mtoto aliyemwona mara ya mwisho akiwa bado anabebwa mgongoni, na akili zote kaziweka miguuni.

Mama alimkimbia kwa kuchoka ngumi zake, akarudi kwao Kighare, milimani Upareni. Vijiji vya ujamaa vilipoanza akashuka nami tambarare, akapewa kiwanja Kifaru. Nilikuwa na miaka tisa. Nikaambiwa nimsalimie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu, huku akimtazama mwenyekiti wa kijiji, si mimi.

Akaanza mbwembwe zake. Eti Kenya kuna shule za maana. Eti huku kwetu hata sabuni ni ya kupangia foleni. Eti mahari alitoa yote, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wake. Mahari kweli ilitolewa, na wajomba zangu walioshuka kutoka Kighare walikuwa wameshaanza kukubali kwa vichwa. Walikuwa radhi kunitoa, watu wazima wale, ili mradi wasiambiwe warudishe ng'ombe waliokwisha kuliwa zamani.

Kisha baba akajisahau. Akasema mke wake mpya amejifungua, na nyumbani hakuna wa kumshika mtoto. Ala! Kumbe hakufuata binti, alifuata yaya. Nilimchukia papo hapo, na sijaacha.

Mwenyekiti hakucheka wala hakukasirika. Akasema leo ni siku ya shamba la ujamaa, kesi husikilizwa palizi ikiisha, na asiyelima hasikilizwi.

"Shemeji, chukua jembe. Ukimaliza ngwe yako tutakaa, na kwa kuwa wajomba wameridhika, utaondoka na mtoto wako."

Akapimiwa ngwe, kipande chake cha mahindi cha kupalilia, sawa na ya kila mtu. Mama alipewa iliyopakana na ya baba. Alilima bila kuinua kichwa, machozi yanadondoka kwenye udongo, kwa sababu alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba nikishafika Taveta hanioni tena. Nani huko angemsikiliza mwanamke wa Kipare aliyekuja kwa miguu kudai mtoto?

Basi mngemwona nyapara! Amezoea kusimama juu ya vichwa vya wanaofanya kazi. Kazi yenyewe haijui. Alikata mahindi akaacha magugu. Raizoni zikazama, moja ikang'oka kisigino. Akapuliza viganja, akauliza kama kijiji hakina trekta. Wanawake walicheka mpaka wakaegemea majembe.

"Shemeji, pole na kazi!"

"Shemeji, nguvu umeziacha Kenya?"

Jua lilipofika utosini akasema anakwenda mferejini kunywa maji. Akachukua na koti lake. Mtu anakwenda kunywa maji na koti! Tulimwona akiupita mfereji, akashika njia ya mpakani, anachechemea, na hakugeuka.

Mama alitupa jembe akanibeba, mimi mkubwa vile, akapiga vigelegele. Mwenyekiti akasema kesi imekwisha. Wajomba nao wakaanza kusema kwamba tangu mwanzo hawakumpenda yule mkwe. Nyoo! Nikacheka pamoja na wote. Sikutaka kwenda naye, tuelewane. Ningeng'ang'ania mguu wa mama mpaka wanivunje vidole.

Lakini ngwe haikuruhusiwa kuachwa nusu, na mimi ndiye niliyepewa jembe niimalizie. Nilidhani nitalima mpaka jioni. Kumbe baba alikuwa amebakiza mistari michache tu, upande wa mwisho, tena udongo wake laini. Nilimaliza peke yangu, mtoto wa miaka tisa, kabla ugali haujaiva.