Kwanza Ukule

Mama wa maktaba ya chuo chetu hapa Baraka hakupi kitabu kabla ya kukutazama machoni. "Ulikula? Ulilala?" Ukisita, kitabu kinarudi kwenye rafu nawe unatumwa kwa bamama wanaouza bugali na ndagala, visamaki vya ziwani. Anayesinzia mezani hamwamshi. Anamvua miwani taratibu, huku akitukodolea macho sisi wenye kelele. Juzi Vanessa, aliyeanguka mtihani, alirudisha kitabu cha anatomia. "Mama, mi naenda kwetu Kazimia. Masomo imekwisha." Mama hakubishana. Alikiweka kitabu kwenye kiti chake, akakikalia. "Enda ukule kwanza." Tuliomba vitabu vingine, wapi, hakunyanyuka. Vanessa aliporudi, midomo iking'aa mafuta, ndipo mama akasimama. Vanessa akakichukua kitabu. Kilikuwa bado na joto.